Gemu Darasani: Mwongozo kwa Mwalimu Mwenye Kompyuta Moja na Watoto Hamsini na Nne

Kuanzia Oktoba, huku kwetu juu ya uwanda wa Makonde, ukiita majina asubuhi unaijua bei ya korosho bila kumuuliza mtu. Bei ikipanda, madawati ya nyuma yanabaki matupu. Watoto wako chini ya mikorosho na bibi zao, wanaokota. Wengine hata kuokota hawaokoti. Wako senta, kwenye kibanda cha gemu, wanasubiri zamu ya kushika padi.

Nafundisha Hisabati darasa la tano, upande wa barabara ya Newala kwenda Tandahimba. Kibanda kile nilikichukia miaka, mpaka siku moja nikaingia, nikalipa mia tano yangu, nikakaa kwenye benchi pamoja na wanafunzi wangu (walitaka kukimbia, nikawaambia kaeni). Mtoto ambaye kwangu hamalizi dakika kumi bila kuomba ruhusa ya kutoka nje, pale alisimama saa nzima akimwangalia mwenzake, anamshauri, anamkosoa. Zamu yake ilipofika akafungwa manne kwa bila. Akacheka, akaomba tena. Mtoto huyohuyo nikimrudishia jaribio lenye tatu ya kumi analikunja mara nne, analitia mfukoni, na hatulioni tena.

Nilitoka pale nikiwa na jambo moja kichwani. Kibandani ukikosea unajua hapohapo, unaona umekosea nini, na gharama yake ni kusubiri zamu tu. Kwangu mtoto alikuwa anakosea Jumatatu, anajua Alhamisi, tena mbele za watu. Hicho ndicho ninachokileta darasani. Yanayofuata ni jinsi ninavyokileta, kwa vifaa ambavyo walimu wengi wa Mtwara na Lindi tunavyo: kishikwambi kimoja (vile vilivyotumika kwenye Sensa ya Agosti 2022 kisha tukapewa walimu), kompyuta mpakato moja iliyochoka, karatasi, na kete za bao.

Hatua ya kwanza: tafuta kosa kabla ya kutafuta gemu

Walimu wenzangu wakinipigia, swali la kwanza ni "gemu gani nzuri?" Nami nawauliza: watoto wako wanakosea nini? Chukua madaftari ishirini, kaa nayo jioni moja, andika kosa linalojirudia. Usiandike "hawajui kuzidisha", hiyo haikusaidii. Andika kama nilivyoandika mimi mwaka jana: "Jedwali la 6 mpaka la 9 wanalikariri kwa wimbo, ukiuliza 8 × 7 katikati wanaanza kuimba kutoka 8 × 1." Kosa la namna hiyo lina dawa, kwa sababu unajua unatafuta nini: kitu kitakachowalazimisha kujibu bila kupata nafasi ya kuimba.

Sentensi hiyo iingize kwenye andalio la somo. Siku mthibiti ubora atakapokuta watoto wamezunguka kompyuta wanapiga kelele, utamwonyesha hiyo.

Hatua ya pili: ipime gemu kabla haijafika kwa mtoto

Nina kipimo kimoja, na mpaka leo hakijaniangusha. Ondoa somo kwenye gemu, kwa mawazo tu, kisha jiulize: inabaki inachezeka? Ikibaki, usiichukue.

Nieleze. Kuna gemu nyingi za bure ambazo mtoto anaendesha gari, kisha kila baada ya muda linatokea swali la hesabu. Akijibu gari linaendelea. Pale hesabu ni trafiki tu wa barabarani, na dereva anachotaka ni apite. Watoto wangu waligundua ndani ya dakika tano kwamba ukibonyeza majibu yote manne harakaharaka mojawapo litakubali. Wakawa hodari wa kubonyeza.

Sasa linganisha na TuxMath. Ni programu ya bure, inakubali kwenye kompyuta za zamani, za Windows na za Linux, wala haihitaji intaneti ukishaiweka. Vimondo vinashuka kutoka angani, kila kimoja kimebeba hesabu. Chini kuna vibanda vya barafu wanamokaa ngwini. Unaandika jibu, unabonyeza kitufe cha kuingiza, na kimondo chenye jibu hilo kinapigwa. Ukichelewa kibanda kinayeyuka na ngwini anaondoka zake. Hesabu ndiyo risasi: ukiiondoa, hakuna gemu. Tena mwalimu unachagua kiwango, kuanzia kuandika tarakimu tu, kujumlisha na kutoa, mpaka kuzidisha na kugawanya. (Watoto wangu ngwini hawamjui. Wanamwita bata, nami nimeacha kubishana.)

Kwa kishikwambi natumia GCompris. Ilianza Ufaransa mwaka 2000, na jina lake ni mchezo wa maneno ya Kifaransa yenye maana ya "nimeelewa". Ndani mna michezo zaidi ya mia kwa watoto wa miaka miwili mpaka kumi, na mwingi unaeleweka kwa picha. Niliupenda hasa mchezo wa mizani: upande mmoja umewekwa uzito, wewe unapanga mawe upande wa pili mpaka mikono ilingane. Mtoto wa mkulima wa korosho humhitaji kumwelezea mizani ni nini. Ameshaona watu wazima wakigombana mbele yake.

Mwenye darasa la kwanza na la pili asisahau zile programu za KKK zilizojaribiwa Tanga. Katika mashindano ya Global Learning XPRIZE, watoto wa vijiji karibu 170 vya mkoa ule walipewa vishikwambi vyenye programu za Kiswahili za kujifunza wenyewe kusoma, kuandika na kuhesabu, na mwaka 2019 washindi wawili, onebillion na Kitkit School, waligawana dola milioni 10. Programu za walioingia fainali zilitolewa bure kwa yeyote anayetaka kuzitumia. Walimu wa fizikia na kemia sekondari nao wana PhET, ya Chuo Kikuu cha Colorado kule Marekani, iliyoanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mshindi wa Nobeli ya fizikia. Mle unaunga nyaya, betri na balbu bila kuunguza chochote, jambo ambalo kwa maabara zetu si dogo.

Ukishachagua, icheze mwenyewe saa nzima, nyumbani, usiku. Nasema saa nzima kwa sababu mimi nilicheza dakika kumi, nikaridhika. Siku ya pili, mbele ya darasa la tano, gemu ya bure niliyoipakua ikafungua tangazo la kubeti lililojaa kioo kizima, na sauti juu. Mtoto mmoja akalisoma kwa sauti, vizuri kabisa, bila kukwama. Mwaka mzima sikuwahi kumsikia akisoma vile. Tangu siku ile sitii kwenye kishikwambi cha darasa gemu yenye matangazo, na kikiingia darasani kimeshawekwa kwenye hali ya ndege.

Hatua ya tatu: andaa vyombo

Hapa sitakaa sana. Mweleze mwalimu mkuu mapema, mwonyeshe andalio. Usiwaambie watoto walete simu za nyumbani; hawaruhusiwi kuwa nazo shuleni, na mwenye simu kubwa atakuwa mfalme. Pakua kila kitu siku ukiwa na bando, fungua kila mchezo mara moja ukiwa bado kwenye mtandao, maana GCompris hushusha baadhi ya sauti na picha baadaye. Programu ihifadhi kwenye flashi ili kompyuta ikifa uanze tena bila bando. Chaji usiku. Umeme ukikatika asubuhi usiahirishe kipindi: utaona kwenye hatua inayofuata kwamba mashine ni theluthi tu ya kazi.

Hatua ya nne: dereva, konda na abiria

Watoto 54, mashine mbili. Ukiwaacha wenyewe, wavulana watatu wa senta watashika kompyuta mpaka kengele ilie, na wasichana watapanga mstari wa kuangalia migongo. Nimeliona hilo kwa macho yangu, na nililisababisha mimi.

Nagawa makundi 6 ya watoto 9. Kipindi ni dakika 40. Tano za kupanga, kisha mizunguko mitatu ya dakika 9, zinabaki nane za mazungumzo. Kila mzunguko makundi mawili yako kwenye mashine, mawili kwenye bao, mawili kwenye karatasi. Mizunguko mitatu ikiisha kila kundi limepita kote.

Kwenye mashine kuna kazi tatu. Dereva anashika kitufe, na haruhusiwi kuandika jibu lake mwenyewe. Konda anatamka jibu. Abiria, yaani wale saba waliobaki, wanahesabu kwenye madaftari, na wakiona konda kakosea wanasema "shusha!" kabla dereva hajabonyeza. Kila dakika tatu ni kituo: dereva anashuka, konda anakuwa dereva, abiria mmoja anakuwa konda. Kwa hiyo kipindi kimoja kina madereva watatu kwa kila kundi, na wote tisa wanakuwa wameendesha baada ya vipindi vitatu. Orodha ya madereva naiandika mimi ubaoni, mvulana na msichana wakipishana, na sibadilishi hata mtoto alie.

Neno "shusha" lilikuwa lao, sikulileta mimi. Nilikuwa nimewapa "pingamizi", hakuna aliyelitumia.

Kwenye bao tunachimba mashimo chini ya mwembe, safu nne za nane, mashimo 32 na kete 64 kama kawaida. Kete zetu ni komwe. Korosho ghafi zilijaribiwa siku moja, nikazikataza. Ganda lake lina mafuta yanayobabua, na mtoto wa miaka kumi atajaribu tu kulibandua kwa meno. Mtoto kabla hajasambaza kete anasema ya mwisho itaangukia shimo gani, mwenzake anaandika, ndipo anasambaza. Akipatia, pointi. Makusudi kabisa nawapa kete 19 mkononi. Safu zake mbili zina mashimo 16, kwa hiyo kete 19 zitaishia palepale ambapo kete 3 zingeishia. Wengi wanazungusha kidole mpaka mwisho. Siku mmoja anapoacha kidole na kusema "si tatu tu hizo?", kugawanya kwa baki kumemwingia, na kwa bao, ambalo babu yake analicheza kila jioni.

Kundi la karatasi nitalieleza kwenye hatua ya saba, kwa sababu lina mambo mengi.

Hatua ya tano: zile dakika nane

Muda ukinibana, dakika hizi ndizo za mwisho kukatwa. Funga kompyuta. Wakae chini. Uliza swali moja: nani alikosea leo, na akajuaje?

Mara ya kwanza hakuna anayenyoosha mkono. Wamezoea kwamba anayekosea huketi kimya. Anza na kosa lako. Mimi niliwaambia nilivyoandika 63 kwenye 9 × 8 kwa haraka na ngwini akahama. Wakacheka sana. Ndipo msichana mmoja wa dawati la tatu, asiyependa kuongea, akasema yeye 8 × 7 aliambiwa na konda 54, akaandika, kimondo hakikupasuka.

"Ukafanyaje?"

"Abiria wakasema 56."

"Wewe uliamini kwa nini?"

Akatazama juu kidogo, vidole vinatembea kwenye sketi. "Saba mara saba ni arobaini na tisa. Nikaongeza saba."

Nikaandika ubaoni: 49 + 7. Nikauliza nani mwingine ana njia yake ya kufika 56 bila kuimba. Zikaja njia nne. Mmoja alikuwa anachukua 8 × 5, yaani 40, kisha anaongeza 16. Mwingine anajua 4 × 7 ni 28 na anairudia mara mbili. Ndani ya dakika nane watoto walifundishana kitu ambacho mimi nilikuwa nakitafutia wimbo mpya. Gemu ilichofanya ni kuwabana mpaka wakahitaji njia. Njia yenyewe ilitokea pale chini, mashine ikiwa imefungwa.

Hatua ya sita: biskuti, na ubao wa washindi

Muhula wa kwanza nilitoa biskuti kwa kundi la kwanza na nikabandika ukutani karatasi ya washindi. Wiki mbili darasa lilichangamka, na nilijipongeza. Wiki ya tatu majina ya juu yalikuwa yaleyale matano. Wiki ya nne walio chini walianza kuomba wakafagie uwanja wakati wa gemu. Wiki niliyokosa hela ya biskuti, hata wale wa juu waliniuliza: "Leo tunacheza bure, mwalimu?"

Jambo hili lina utafiti wa zamani. Mwaka 1973 watafiti watatu wa Marekani, Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett, walichukua watoto wa chekechea waliopenda kuchora. Baadhi waliahidiwa zawadi wakichora. Baadaye, zawadi ilipokuwa haipo, waliokuwa wameahidiwa walichora kwa muda mfupi kuliko wenzao, hata kuliko waliopewa zawadi ya ghafla bila kuahidiwa. Kitu walichokipenda kilikuwa kimegeuka kibarua.

Karatasi ya ukutani niliichana. Sasa kila mtoto ana ukurasa wa mwisho wa daftari, anaandika tarehe na kimondo cha ngapi kilimshinda. Anashindana na wiki iliyopita. Aliyepanda, haki yake ni kuchagua kiwango cha kundi lake kipindi kijacho, na wengi huchagua kigumu zaidi, jambo ambalo ningeliamuru mimi wangenuna.

Na tafadhali, usiifanye gemu kuwa adhabu. "Mkipiga kelele hatuchezi" ni maneno matamu mdomoni mwa mwalimu aliyechoka, lakini yanawaambia watoto kwamba hesabu halisi iko kwingine na hii ilikuwa peremende.

Kupima: maswali kumi yaleyale, kwenye karatasi, kabla ya kuanza na baada ya wiki tatu. Kwangu jedwali la kuzidisha lilisogea sana. Sehemu hazikusogea hata kidogo. Bado walikuwa wananiandikia nusu ukijumlisha theluthi ni mbili ya tano. Gemu ya sehemu niliyokuwa naitumia nikaifuta, nikarudi kwenye kukata muhogo kwa kisu.

Hatua ya saba: tunga gemu yenu

Mwaka 1971, jimbo la Minnesota, Marekani, kijana aliyekuwa kwenye mafunzo ya ualimu, Don Rawitsch, alitakiwa kufundisha historia ya familia zilizohamia magharibi kwa mikokoteni. Rafiki zake wawili wa hisabati, Bill Heinemann na Paul Dillenberger, wakaigeuza safari ile kuwa programu: una hela kiasi, nunua chakula, nunua risasi, mtu kaugua, mto umefurika, unaamuaje? Ikaja kuwa gemu maarufu ya Oregon Trail. Kinachonifurahisha mimi ni kwamba mashine yao haikuwa na kioo. Ilichapa maneno kwenye karatasi, na darasa likaizunguka mashine moja. Kumbe hata wao walianza kama sisi.

Nikasema na sisi tuna safari yetu, ya korosho kutoka shambani mpaka hela mkononi. Tukaiita Msimu, na ndiyo kazi ya lile kundi la karatasi. Inachezwa hivi, na tarakimu ni za kutunga, badilisha za kwako:

Kila kundi ni kaya yenye kilo 200 za korosho ghafi na haina hata shilingi. Kuna zamu sita, kila zamu ni wiki. Mwalimu ana karata zilizokatwa kwenye boksi la chaki. Kila zamu anachomoa moja na kuwasomea wote. Kisha kaya inaamua: kupeleka mnadani kupitia chama cha msingi cha ushirika, kuuza kwa bakuli kwa mtu wa kangomba (mnunuzi wa magendo), au kukaa nazo. Mnadani kilo ni 2,600, makato 200, na hela inaingia baada ya zamu mbili. Kangomba ni 1,500 bakuli, taslimu, papo hapo. Karata zinasema kama hivi: "Mvua imenyesha, robo ya korosho zilizo nyumbani zimelowa, bei yake ishushe kwa 600." "Mnada umeahirishwa, hela zote zichelewe zamu moja." "Mtoto anaumwa, inahitajika 30,000 leo." "Sare ya shule, 15,000 kabla ya zamu ya tano."

Mauzo yote yaandikwe kwa hesabu kamili. Na hii ndiyo sheria iliyoipa gemu uhai: kaya nyingine ikigundua kosa kwenye hesabu yenu kabla yangu, inachukua kilo 2 zenu. Sijawahi kuona watoto wakisahihisha madaftari kwa uroho kama ule.

Wiki ya pili ya Msimu alikuja mzee mmoja, mjomba wa mwanafunzi wangu. Huku kwetu mjomba akija shuleni ujue jambo si dogo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Nimeambiwa mnacheza gemu. Mtoto nimemtoa shambani, korosho ziko chini zinalowa. Nimemtoa aje acheze?"

Nikamwomba akae dakika kumi. Akakaa kwenye dawati la mtoto, magoti juu, akasikiliza kundi la mpwa wake wanabishana: karata ya ugonjwa imetoka, hawana hela. Wakaamua bakuli 20, mara 1,500, elfu 30. Kilo 20 zimeondoka. Mzee akanyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Mwalimu, hapo umewadanganya. Bakuli la kangomba si kilo. Linajaa kilo na robo."

Kimya. Mpwa wake akaanza kuandika upya. Bakuli 20 mara kilo moja na robo, kilo 25. Elfu 30 kwa kilo 25 ni 1,200 kilo. Kisha yeye mwenyewe, hakuna aliyemwambia, akapiga kilo 25 mara 2,400 za mnadani: elfu 60.

"Ugonjwa wa siku moja umetula elfu thelathini," akasema.

"Umewala kabla hamjafika hospitali," mzee akajibu, akainuka akaenda shambani kwake. Mtoto alibaki. Kesho yake mzee alimtuma aniambie pia kwamba kilo zinazoandikwa ghalani na zilizotoka nyumbani hazilingani daima, nikaongeza karata ya "unyaufu, punguza kilo 1 katika kila 50".

Angalizo moja kwa anayejaribu hii. Usiulize mtoto nani kwao anauza kangomba. Biashara ile imekatazwa, na karibu kila kaya ina sababu ya kuwahi kuifanya. Kwenye gemu kila kundi lipo kwenye kaya ya kubuni, na hiyo ndiyo faida yake, mtoto anaweza kuzungumzia nyumbani bila kutaja nyumbani.

Shule yenye kompyuta hata mbili na wanafunzi wa darasa la sita au sekondari inaweza kuuhamishia Msimu kwenye Scratch, programu ya bure ya chuo cha MIT cha Marekani iliyotolewa mwaka 2007, ambayo mtoto anaunganisha vipande vya amri kama matofali. Lipo toleo la kuweka kwenye kompyuta bila intaneti. Mmoja anaandika hela, mwingine anaandika kilo, wa tatu karata. Hapo ndipo wanapogundua kwamba hawakuelewa makato, maana kompyuta haijui kukadiria. Lazima uiambie toa 200 wapi, kabla ya kuzidisha au baada. Bishano hilo liache liendelee. Usilimalize wewe.

Kabla ya likizo ya Desemba wape karatasi tupu, kila kundi litunge karata tatu za msimu ujao. Zangu za mwaka jana zilikuwa na nyani walioingia shambani, salfa (dawa ya mikorosho) iliyoisha dukani, harusi ya dada, na kaka aliyemaliza jando anayetaka kanzu mpya. Moja haikuandikwa jina, lakini mwandiko naujua. Iko kwenye boksi na zenzake, na imeshatoka mara mbili:

"Mwalimu kaja nyumbani kuuliza kwa nini huonekani shule. Mama kampa mabibo. Poteza zamu moja."